Basi la Mombasa kwenda Tanga, Ukiwa na Bibi na Mtoto Mdogo

Mavyaa wangu alikuja Mombasa kumwona mjukuu wake kwa wiki moja, akakaa mwezi mzima. Ulipowadia wakati wa kurudi kwao Tanga, mimi na mume wangu tuliamua kumsindikiza, tukamchukua na mtoto, ambaye ana mwaka mmoja na miezi minane. Tulipanda basi la asubuhi la kampuni ambayo sitaitaja jina.

Mazuri yake nayasema kwanza. Basi liliondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, dereva hakukimbia, na kondakta alimpokea mavyaa kikapu chake cha mabuyu na achari bila kuombwa. Kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu, adabu kama hiyo ina uzito kuliko kiyoyozi, ambacho kwa vyovyote kilifika Ukunda kikanyamaza.

Matatizo yalianzia dirishani pa tiketi. Karani alitueleza kwamba mtoto hasafiri kwa nauli iwapo atapakatwa, jambo tulilolifurahia mpaka tulipogundua kwamba kati ya viti vitatu tulivyolipia, kimoja kilikuwa nyuma kabisa, juu ya gurudumu. Hakutueleza vilevile kwamba Likoni abiria wote wangeshushwa na kuingia feri kwa miguu. Utaratibu huo una sababu yake ya usalama na sina ugomvi nao, lakini kampuni inayovuka hapo kila siku inajua fika kwamba bibi atateremka ule mteremko katikati ya umati huku mmoja wetu amemshika mkono na mwingine amebeba mtoto, mkoba na fimbo.

Kipimo hasa cha huduma hii, hata hivyo, ni mpakani. Anayetoka Kenya kwa njia ya Lunga Lunga hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, upande wa Horohoro, na raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza, kwa hiyo foleni yetu ilikwenda haraka. Kinachowakwamisha watu ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho Tanzania humtaka nacho msafiri anayetoka Kenya, hata mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wa Mombasa, na cheti huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, hivyo aliyesahau hawezi kulitengeneza jambo asubuhi ya safari. Sisi tulikuwa tumekwisha kumchanja mtoto kwa sababu mavyaa alitusisitizia. Chake mwenyewe ni cha zamani, na tangu 2016 cheti kinakubalika kwa maisha yote. Karani alituuliza pasipoti tu.

Katika basi letu alikuwamo mama kijana ambaye mtoto wake hakuwa na cheti. Akawekwa kando, na kondakta, ambaye asubuhi nilimsifu moyoni, akaanza kutuhimiza tupande na dereva akapiga honi. Mavyaa alisimama mlangoni pa basi, mguu mmoja chini, akasema hapandi mpaka mwenzetu apatikane. Nusu saa baadaye yule mama alirejea. Sikumuuliza alivyolitatua.

Niongeze suala la nepi, kwa kuwa hakuna anayelitaja. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, nami naunga mkono, ila ndani ya basi hamkuwa na hata ndoo moja ya takataka. Nepi mbili zilisafiri kutoka Msambweni hadi Tanga ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na kopo hilo sasa ni kifaa rasmi cha safari nyumbani kwetu.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita zipatazo 65 za lami nzuri, na tulishuka stendi ya Kange, tukachukua bajaji hadi Ngamiani, mtoto amelala mapajani mwa bibi yake.

Kwa nauli tuliyolipa, basi hili linafaa, nami nitalipanda tena. Linalokosekana halihitaji fedha nyingi: karani aulize umri wa wasafiri kabla ya kupanga viti, na ataje vyeti na feri kabla ya kupokea pesa. Wakati wa kurudi tulikuwa wazazi wawili na mtoto, tukalipia viti vitatu vya mbele vilivyoongozana. Mtoto alilala usingizi wake wote kwenye kiti chake, akaamka Likoni akimwita bibi.