Nagona ilinishinda mara tatu, barazani ikafunguka

Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilinitoa jasho. Ni riwaya nyembamba, haifiki kurasa mia, ilitoka mwaka 1990, nami nilidhani nitaimaliza Jumapili moja. Ikanishinda mara tatu. Hakuna kisa cha kushika mkononi: msimulizi yumo safarini, ndoto na uhalisi havitengani, na wanafalsafa wa Ulaya wanazuka humo kama majirani. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kuwa nakala yangu ya mtumba ilikuwa imenyofoka kurasa nne katikati. Nilikuwa nimezivuka mara zote bila kujua. Iliniuma, maana nilielewa kuwa nilikuwa nasoma kwa macho tu.

Nikapata nakala nzima, mjomba wangu wa Kibokoni akaniambia niende nayo barazani baada ya Isha, nimsomee kwa sauti yeye na wenzake wawili wanaokunywa kahawa pale. Nilipoanza kukimbia alinyanyua kikombe: "Polepole, mwanangu. Rudia hapo." Nikarudia. Maneno ya Kezilahabi mengi ni ya kila siku. Uzito umo katika swali anolokuachia. Palipotajwa ngoma kuu hatukusonga tena usiku ule, mmoja akisema ni Kiyama, mwengine akikataa katakata, kahawa ikapoa birikani. Kurasa tatu kwa usiku zatosha.

Apendaye mashairi aanze na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa hii hii. Aliyatunga akiwa gerezani, kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za chooni, na kitabu kikachapishwa 1973. Ugumu wake ni mwengine: Kimvita, lahaja ya Mombasa. "Siwati" humkwaza msomaji wa bara, na kumbe ni "siachi", neno ambalo marehemu bibi yangu hakupitisha siku bila kulitamka. Lile shairi la mnazi, ambamo Alii na Badi, ndugu wawili, wanavutana, lisomwe na watu wawili. Sisi tulifanya hivyo. Mjomba alishika upande wa Badi, na kufikia katikati sauti yake ilikuwa imepanda hata jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

Juzi tumeanza Mzingile, iliyofuata Nagona mwaka 1991. Tuko ukurasa wa tano.