MVT: kipimo cha bure cha simu inayoshukiwa kuwa na Pegasus

Kwenye makundi ya WhatsApp bado unazunguka ule ujumbe wa "piga *#21# ujue kama usalama wa taifa wanakusikiliza". Namba hiyo huonyesha tu kama simu zinazokuingia zinaelekezwa kwenye laini nyingine. Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO ya Israel, haionekani huko, wala betri kupata moto si ushahidi. Mwenye sababu ya kweli ya kushuku atumie MVT (Mobile Verification Toolkit), programu ya kutafuta alama za udukuzi, iliyotolewa Julai 2021 na maabara ya usalama ya Amnesty International.

Haisakinishwi kwenye simu. Inakaa kwenye kompyuta ya Linux au Mac yenye Python (lugha ya kuandikia programu), na kila kitu ni kuandika amri. Mwenye Windows ajiandae kuhangaika. Kwa iPhone, washa kwanza bakapu (nakala ya akiba ya data ya simu) yenye nenosiri, kwa sababu bakapu isiyofungwa haibebi historia ya kivinjari cha Safari, na linki za mtego mara nyingi huacha alama humo. Halafu zinafuata amri tatu: mvt-ios download-iocs inashusha orodha ya alama za udukuzi unaojulikana, decrypt-backup inafungua bakapu, check-backup inakagua. Diski iwe na nafasi mara mbili ya bakapu, maana kuifungua ni kutengeneza nakala ya pili. Ukiruka ile amri ya kwanza, programu itasoma kila kitu bila cha kulinganisha nacho, na wewe utashangilia bure.

Uhondo uko kwenye matokeo. Kuna orodha ya michakato, yaani programu zinazoendeshwa ndani ya simu, iliyotumia data ya simu. Humo ndimo Amnesty walikokuta mchakato uitwao "bh" kwenye simu zilizoingiliwa. Faili la timeline.csv hupanga matukio kwa saa, kwa hiyo unaona linki gani ilifunguliwa kabla ya mchakato gani kuamka. Tahadhari: linki ya mtego ikikutwa kwenye SMS, inaonyesha ulilengwa. Kama simu iliingiliwa kweli, hilo linahitaji alama nyingine.

Upande wa Android ni dhaifu, tusidanganyane. Mfumo wenyewe hauhifadhi kumbukumbu za kutosha. Unabaki na SMS, orodha ya programu na ripoti ya hitilafu.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kwamba MVT inatambua kilichokwisha kujulikana tu. Matokeo safi hayamaanishi simu safi. Nchini Mexico, nyaraka za jeshi zilizovuja 2022 zilisaidia kufichua kitengo cha ujasusi wa kijeshi kilichomfuatilia kwa Pegasus mtetezi wa haki za binadamu Raymundo Ramos, aliyekuwa akifuatilia mauaji yaliyofanyika mji wa Nuevo Laredo. Kesi kama hiyo haifungwi kwa kipimo kimoja: wataalamu wa Citizen Lab, maabara ya Chuo Kikuu cha Toronto, waliikagua simu yake, na nyaraka zikaeleza nani alikuwa nyuma.

Leseni ya MVT inakataza kukagua simu ya mtu bila ridhaa yake, kwa hiyo wenye wivu wa mapenzi watafute kazi nyingine.

Ikitokea onyo, usifute simu wala kuirudisha kama mpya, utaondoa ushahidi. Hifadhi bakapu, acha kuitumia kwa mambo nyeti, na kwa kutumia kifaa kingine waandikie Access Now, shirika la kutetea haki za kidijitali, ambao huwasaidia bure wanahabari na wanaharakati.