Nilipeleka ziwa lenye mlango mmoja, likarudi na miwili

Kama shida yako ni bango la harusi au kadi za mazishi, nenda tu kwenye duka hili la uchapishaji, utarudi ukiwasifu. Lakini kama una mto, hata mto wa kubuni, fikiria tena kabla ya kuwapa pesa zako.

Nyumbani Migosi, hapa Kisumu, tuna mchezo wetu wa hadithi wikendi, mimi, wapwa zangu na majirani wawili watatu. Mimi ndiye mtunzi wa nchi yenyewe, inaitwa Tandu. Wao hurusha dadu na kuingia humo na wahusika wao. Mito yote ya Tandu inashuka milimani na kuingia Ziwa Miale, na maji ya Miale yana njia moja tu ya kwenda baharini, Lango la Bibi Sauda. Samaki, chumvi, mbao, vyote vinatozwa ushuru pale. Vita vyote vya Tandu ni vya kugombania lango hilo.

Wazo hilo sikuliokota hewani. Ukikulia kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, unaliona mwenyewe. Nzoia inaingia, Yala inaingia, Nyando, Sondu, Kuja, zote zinaingia. Maji mengi yanachukuliwa na jua, na yanayobaki yakitaka kuondoka sharti yapite Jinja kule Uganda, basi. Tangu bwawa la Owen Falls lifunguliwe 1954, kuna mtu kule mwenye milango mkononi. Ziwa lilipoteremka sana mwaka 2006, lawama ziligawanywa kati ya ukame na maji yaliyoachiliwa kule. Huyo mtu wa milango ndiye Bibi Sauda wangu.

Sasa nikapeleka dukani kwao mchoro wangu wa penseli nichorewe ramani kubwa ya ukutani. Nusu ya malipo nikatuma kwa M-Pesa. Njoo kesho, stima imepotea, njoo wiki ijayo, wino umekwisha, nyinyi mnajua mambo haya. Hapo wala sikukasirika.

Nilikasirika bango lilipokunjuliwa kaunta. Upande wa magharibi wa Ziwa Miale, ambako mimi sikuchora kitu, kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu. Unatoka ziwani, unapenya katikati ya milima miwili kama vile milima imesogea kuupisha, unaishia bahari ya pili. Nikamuuliza kijana wa kaunta huu mto umetoka wapi.

"Huo tuliongeza, mathe. Upande huo ulikuwa mtupu, haukupendeza."

Nikamwambia, kijana wangu, kwa kawaida ziwa halitoki kwa milango miwili.

"Mathe, kwani kuna mtu atakunywa hayo maji?"

Foleni nzima ikacheka. Kuna mmoja alikuja kutoa kopi za vyeti vya kuombea kazi, alicheka mpaka vyeti vikamwanguka. Mimi nimesimama hapo na mkoba wangu. Kisha nikaambiwa marekebisho ni pesa nyingine. Pesa nyingine! Kufuta kitu ambacho sikukiagiza!

Ati ni nchi ya uongo, mto unaweza kwenda unakotaka. Joka la Tandu linatema moto na sijawahi kulalamika. Lakini maji ya Tandu ni maji. Ziwa likiwa na matundu mawili, lile lililo chini kidogo tu hunywa zaidi, na kadiri linavyonywa ndivyo linavyochimbika, mpaka mara nyingi mwenzake anabaki mkavu. Na kama ziwa halina tundu kabisa, litazame la Nakuru: Njoro inaingia, Makalia na Nderit zinaingia, hakuna mto unaotoka, ndiyo maana maji yake ni magadi. Mtu anayechora ramani kwa pesa za watu hajui hili?

Mpwa wangu mmoja, mjuaji wa kila kitu, akaniletea hoja ya Casiquiare kule Venezuela, mto unaochepuka kutoka Orinoco na kwenda kumwagia Rio Negro hadi Amazon. Sawa, upo. Lakini huo ni mto unaogawanyika mahali tambarare, si ziwa linalotobolewa kupitia mlimani na kijana wa kaunta aliyeona nafasi tupu.

Lazima niseme pia, kwa sababu mimi si mchawi: kazi ya mkono ni nzuri sana. Mafunjo ya ufukweni yamechorwa moja moja, mengine yameinamia maji, na kuna mashua yenye tanga lililotiwa kiraka, kama zile za Dunga. Aliyechora ni msichana wa nyuma ya mashine, hakusema neno siku nzima. Ni yeye aliyeninong'oneza kwamba mto ule aliamriwa autie. Kwa mafunjo yale pekee ningewapa nyota zote tano. Halafu nakumbuka "kwani kuna mtu atakunywa" na nyota zinaanza kupukutika.

Marekebisho yenyewe? Walibandika stika za miti juu ya mto. Sasa Tandu ina msitu uliopanga mstari kama wanafunzi paredi. Nimelipa, ndiyo, nilitaka tu kutoka pale.

Na hapa ndipo nashindwa kutoa hukumu. Wikendi iliyofuata wachezaji waliuona msitu ule, wakakwangua kona ya stika moja, wakakuta buluu. Tangu siku hiyo wanapitisha chumvi huko usiku bila ushuru, na Bibi Sauda hajui. Mchezo umenoga, sijawahi kuona. Wameniomba nisinunue ramani nyingine. Mimi nimewaambia mto huo utakauka kabla ya mvua za masika, nimeshaandika.

Nitarudi pale kwa ramani ya milima, nadhani. Au sitarudi. Nikirudi, nitangoja kijana wa kaunta aende chakula cha mchana, nimpe msichana mchoro wangu mkononi.