LinkedIn imenilipa mimi, kaka angu fundi haijamsaidia kitu

Nilijiunga LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi na ajira, 2020 baada ya kumaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), na mwaka mzima wa kwanza ilikuwa kimya kabisa, picha ya suti, chini nimeandika natafuta kazi, basi. Kosa nililijua baadae, mtu anayemtafuta mtaalamu haandiki "natafuta kazi" pale kwenye kutafuta, anaandika ujuzi anaoutaka. Nikafuta yale maneno nikaweka QGIS (programu ya kuchora ramani), KoboToolbox (ya kukusanya data), ramani za maji, halafu nikaposti ramani niliyoichora ya visima vya kijiji kimoja huku Chamwino, vinavyotoa maji nimeweka bluu, vilivyokufa nyekundu, na mistari mitano tu ya kueleza tulivyozunguka na bodaboda kijiji kizima kuchukua pointi, yaani mahali kila kisima kilipo. Wiki ya pili dada mmoja wa shirika la Arusha akanifuata inboksi, anauliza zile data nilizikusanyaje. Ikazaa mkataba wa miezi mitatu, na huo ndo ukaleta wa pili.

Kwa hiyo sisi wa ramani, data, uhasibu, IT, miradi ya mashirika, jamani ingieni, naisifia kwa moyo wote. Ila msimwambie kila mtu hivyo. Kaka angu anatengeneza madirisha ya aluminiamu pale Nkuhungu, akaunti nilimfungulia mwenyewe, miezi sita hakuna hata mteja mmoja, maana wateja wake wanajenga Nala na Ihumwa huko, wanaona status yake ya WhatsApp dirisha limeshafungwa ukutani, jioni hiyohiyo wanapiga simu. Shemeji ni nesi, anataka serikalini, na serikalini unaomba kwenye mifumo yao kama Ajira Portal, hata uwe na koneksheni elfu moja LinkedIn.

Kilichoniuma, kuna mtu alijitambulisha ni ofisa ajira akaniomba 80,000 ya usaili na vipimo vya afya. Nilituma. Kesho yake profaili haipo, na ile hela nilikuwa nimeiweka ya kodi. Siku hizi kabla sijamjibu mtu nafungua kwenye profaili yake sehemu ya "About this profile", inaonyesha mwezi na mwaka aliojiunga, akiwa wa juzi juzi simjibu. Na kazi ya kweli haikuombi hela, hata shilingi.

LinkedIn ya kulipia sijawahi kuihitaji, ya bure inatosha. Ile ramani bado nimeiweka juu kabisa, mwezi jana nimeiposti upya, visima viwili vilivyokuwa vyekundu sasa ni bluu.