Spiriti ipi ununue: ethanoli, IPA au methanoli? Kuanzia ya kununua mpaka ya kuikimbia

Wakuu, hili neno spiriti linatuponza. Unafika duka la rangi unasema nipe spiriti lita moja, muuzaji anageuka anakuchotea kwenye dumu, na hapo hujui kama umepewa ethanoli, methanoli au kitu kilichoongezwa maji, maana vyote vinaweza kuonekana kama maji ya bomba na vyote vinawaka. Mi napiga polishi fanicha hapa Keko, Dar, spiriti nayeyushia shelaki, ile polishi ya kung'arishia mbao, karibu kila siku, hafu nyumbani tunapikia jiko la ethanoli, kwa hiyo hiki kitu nimekilipia hela ya kutosha mpaka nikakijua. Napanga kuanzia ile ninayoona wengi mwanzie.

Ya kwanza ni ethanoli ya asilimia 95 au 96 iliyotiwa dawa ili isinyweke, ndo methileti spiriti yenyewe, mara nyingi ina rangi ya zambarau au bluu na harufu inayokera. Huku kwetu ethanoli nyingi inatokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani baada ya sukari kutolewa, kule Muhoroni Kenya wanaitengeneza hivyo miaka mingi. Jua tu kwamba kwa kuchemsha na kukinga mvuke kawaida ethanoli haivuki asilimia 96 hivi, maji ya mwisho yanagoma kuachana nayo, kuyatoa ni kazi nyingine na gharama nyingine, sa mtu akikwambia anayo ya asilimia 99.9 kwa bei ileile ya 95 mwambie akuoneshe lebo ya kiwanda.

Maji ndo adui. Msimu wa masika niliwahi kupewa kazi ya kabati la mninga, nikanunua spiriti kwenye dumu lisilo na lebo kwa sababu ilikuwa bei chee, nikapiga mkono wa kwanza vizuri tu, wa pili ukaanza kufifia, kabla ya jioni mlango mzima umekuwa mweupe kama umemwagiwa maziwa. Shelaki ikikutana na maji inafanya hivyo. Nikakwangua yote, siku mbili zimeenda na mteja kanuna. Nikachukua ile spiriti kijiko kimoja nikaweka kwenye kisosi nje, dumu nikaliacha mbali kabisa ndani, nikaiwasha. Spiriti nzuri ikiisha kuwaka inaacha unyevu kidogo tu, ile yangu ilizima yenyewe na maji yamejaa chini ya kisosi, unaweza kuyamimina. Tangu siku hiyo sinunui dumu jipya bila kufanya hilo jaribio kwanza.

Kwa hiyo linganisha bei kwa kilichomo, sio kwa ukubwa wa dumu: lita 5 za asilimia 96 zina ethanoli lita 4.8, lita 5 za asilimia 70 zina lita 3.5 tu, zilizobaki umenunua maji.

Kwa kupikia pia hii ndo ninayoichagua, inawaka bila masizi na sufuria inabaki safi. Ila piga hesabu, lita moja ya ethanoli ina nishati kama megajuli 21 na ya mafuta ya taa kama 35, yaani kazi ya lita moja ya mafuta ya taa itakula lita moja na nusu na ushee ya ethanoli, ukiona bei zinalingana ujue hapo hujaokoa kitu. Na jamani, msijaze jiko likiwa la moto! Mvuke wa ethanoli unashika moto hata kwenye nyuzi 17, na Dar mchana huwa hatufiki huko chini. Zima, subiri lipoe kabisa, ndo ujaze.

Ya pili ni IPA, yaani alkoholi ya isopropili, ya asilimia 99. Ghali kuliko spiriti na kwangu haina faida ya kutosha, lakini kama wewe ni fundi simu hii ndo iwe ya kwanza kwako. Inaondoa flaksi, ile dawa ya kulehemu inayobaki kwenye bodi, na uchafu wa maji ya simu iliyozama, inakauka bila kuacha alama kwenye bodi. Tina wengi wanaitumia kwa sababu iko kila duka, lakini tina sio alkoholi, ni mchanganyiko wa vitu kama toluini na asetoni, inakula plastiki. Hata IPA yenyewe usiipitishe kwenye akriliki, inapasuka vistari vidogovidogo. Kuna jaribio zuri: ukiwa na IPA ya asilimia 70, itie kwenye chupa ya kioo ndogo, ongeza chumvi ya mezani nyingi, tikisa. Baada ya dakika chache inajigawa matabaka mawili, IPA juu, maji ya chumvi chini, unaona mstari kabisa. Ethanoli kwa chumvi ya mezani haijigawi hivyo.

Spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70, ni ya ngozi na vijidudu, na kwa hilo ni bora kuliko ya 96 kwa sababu maji yanaisaidia kuua. Kwa polishi au bodi achana nayo, nyingine zina mafuta ya nyonyo.

Ya mwisho kabisa methanoli. Inayeyusha shelaki vizuri na mara nyingi ni rahisi, ndo maana inaingia kwenye madumu yetu. Kama mafuta ya kupikia ni hasara, lita ina megajuli kama 16 tu, na moto wake mchana hauonekani, mtu anaweza kuungua huku wenzake hawaoni kinachomuunguza. Inapita kwenye ngozi, inapita kwenye pumzi, na ndani ya mwili inageuka asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Mei 2014 kule Kenya makumi ya watu walikufa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyochanganywa nayo. Haidromita, kile kipimo cha uzito wa kimiminika, haitakuokoa, ethanoli tupu na methanoli tupu zote lita moja ina uzito wa kama kilo 0.79, na usidanganywe na rangi ya moto. Lebo ya kiwanda na risiti, basi. Mtu akiinywa mpelekeni hospitali hapohapo hata kama anasema yuko poa, dalili zinaweza kukawia nusu siku au zaidi, na dawa ipo ila inataka kuwahi.

Ukifika nayo nyumbani funga kifuniko vizuri, spiriti iliyoachwa wazi inavuta maji hewani, hasa huku pwani. Na usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mi nimechora fuvu kubwa kwa rangi nyekundu pande zote nne za dumu, maana mwanangu wa mwisho bado hajajua kusoma.