Gokati ya mtumba, injini ya pampu: mwaka wangu mmoja Nakuru

Fundi aliizunguka gokati yangu, kigari kidogo cha mbio kisicho na paa, mara mbili, akachuchumaa kwa nyuma, akaanza kucheka. "Mama, si hii ni injini ya pampu ya maji?"

Ni yenyewe. Honda GX200 ya cc 196, ile ile inayonyweshea nyanya na kabeji huko Bahati na Subukia. Nilikuwa nimetoa pesa karibu za bodaboda mpya, kwa hiyo kile kicheko kiliniuma. Leo naona injini hiyo ndiyo kitu cha maana kuliko vyote nilivyonunua siku ile. Muuzaji alisifu rangi, akasifu kiti, akasifu usukani. Injini aliitaja kama mtu anayeomba radhi.

Gokati yenyewe ilikuwa imekodishwa miaka kadhaa kabla haijanifikia, na mimi niliikagua kama mtu anayenunua kochi: nilikaa, nikashika usukani, nikatabasamu. Leo ningetafuta mawe mawili, niinue nyuma, nizungushe magurudumu kwa mkono huku naangalia diski ya breki. Yangu ilikuwa inayumba kama sahani iliyotupwa mezani, kwa sababu ekseli, chuma kinachobeba magurudumu ya nyuma, ilikuwa imepinda. Gokati haina springi wala shokamzoba. Ikigonga ukingo, kinachopokea ni fremu, ekseli na mbavu zako. Ekseli ya pili ilinigharimu kuliko spea zote za injini nilizonunua mwaka mzima.

Spea za injini zenyewe ni raha tupu. Plagi, gasketi, kamba ya kuwashia, vyote napata mjini kwenye maduka ya pampu, siagizi Nairobi. Oili ni lita 0.6 tu na haina filta, kwa hiyo uchafu wote unabaki mle mle. Naimwaga kila baada ya Jumapili nne hivi, injini ikiwa bado ina joto.

Kilichonisumbua ni mwinuko. Nakuru tuko mita kama 1,850 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta haina habari: inaendelea kumwaga petroli kana kwamba iko Mombasa. Gokati ilikuwa inakohoa kila ikitoka kwenye kona, na plagi ikifunguliwa ni nyeusi kama sufuria ya kuni. Honda wenyewe wanasema injini hizi hupoteza kama asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hata kabureta ikirekebishwa. Yaani hapa kwetu moja ya tano imeshakwenda kabla hujavuta kamba. Fundi aliweka jeti (kile kipande cha kabureta chenye tundu la kupitishia petroli) yenye tundu dogo zaidi. Nguvu iliyopotea haikurudi, ila kikohozi kiliisha, na petroli ikaanza kunitosha siku nzima.

Halafu nikajiponza mwenyewe. Agosti nilialikwa Kisumu, kuna marafiki hukodi uwanja wa lami kwa siku moja. Tukaipakia kwenye pikapu, tukapita Mau Summit, Kericho, tukateremka Awasi hadi Ahero, kila mtu anaimba. Kisumu iko mita 1,130 hivi, hewa ni nzito na joto mnalijua. Mizunguko mitatu ya kwanza niliruka kama swala. Wa nne, ekzosi ikaanza kupiga baruti na nikasikia harufu ya chuma kilichochemka. Plagi ilitoka nyeupe kama chaki. Jeti yangu ndogo ya Nakuru, kwenye hewa ya ziwani, ilikuwa inainyima injini petroli, na injini yenye njaa ya petroli hujichoma. Jeti ya zamani ilikuwa wapi? Nyumbani, ndani ya kopo la Blue Band, juu ya friji. Siku hiyo nilikaa chini ya mwembe nikila samaki huku wenzangu wakikimbia. Sasa jeti zote mbili zimo kwenye kimfuko kilichofungwa kwa waya chini ya kiti.

Tairi nazo zina kisa chao. Kijana wa petroli steshoni aliniuliza, "Madam, thati?" yaani psi 30, nikamwambia sawa, maana gari langu hula hivyo. Kona ya kwanza ilikuwa kama nimefungiwa miche ya sabuni. Gokati hii inataka psi 12 hadi 15 asubuhi tairi zikiwa baridi, na zikipata joto upepo unapanda wenyewe. Nunua geji yako ndogo, ya mashine ya gari usiiamini kwa namba ndogo kama hizo.

Kwa anayeanza kuendesha, jambo lililonichukua muda kuliko yote ni kwamba hakuna difu, ile gia ya gari inayoruhusu gurudumu moja lizunguke haraka kuliko la pili. Magurudumu ya nyuma yameshikana kwenye ekseli moja, na kwenye kona la ndani lina safari fupi kuliko la nje, ila yanalazimishwa kuzunguka sawa. Usipolinyanyua la ndani, gokati inang'ang'ania kwenda mbele tu. Ukikata usukani, fremu inajipinda kidogo na gurudumu lile linakuwa jepesi, ndipo inageuka. Mimi kwa ujuaji nilikuwa nimemwomba fundi wa kuchomelea aongeze chuma cha kuimarisha fremu. Ikawa imara kweli, na haikukata kona tena. Tulikikata kile chuma wiki iliyofuata.

Breki ziko nyuma peke yake. Kanyaga ukiwa bado umenyooka, achia, kisha geuza. Ukikanyaga ukiwa katikati ya kona, utajikuta unawatazama usoni waliokuwa nyuma yako. Mguu wa kushoto ni wa breki, wa kulia wa mafuta, na usikanyage vyote pamoja. Klachi hushika yenyewe mzunguko ukipanda, na ukiizuia kwa breki huku umekanyaga mafuta, utainusa ikiungua.

Dada zangu, nywele zifungwe zote ndani ya helmeti, na leso ibaki kwenye gari. Ekseli na mnyororo vinazunguka wazi nyuma ya mgongo wako.

Kiti kilikuwa kikubwa kwangu. Siku mbili baada ya mbio za kwanza sikuweza kucheka wala kupiga chafya, mbavu za kushoto zilikuwa na rangi ya zambarau. Nilijaza pembeni kwa sponji ya godoro, ikasaidia kidogo, kisha nikanunua kinga ya mbavu. Ningeinunua kabla ya glavu, kabla ya zile nguo za kupendeza, kabla ya kila kitu isipokuwa helmeti.

Ningeinunua tena? Hii hapa, yenye ekseli iliyopinda, hapana. Yenye injini hii, ndiyo. Kama unakimbia mara moja kwa mwezi, kodi tu, ufundi na oili waachie wenye nazo. Mimi nilikuwa nataka mikono ichafuke.

Juzi fundi ameniuliza nikichoka nayo nimuuzie injini peke yake, ana mteja Subukia pampu yake imekufa. Nimemwambia asubiri, Jumapili nakimbia.