Laptopu ya kununua ukijua siku moja itaharibika: ipi iwe ya kwanza, ipi ya mwisho

"Ndugu mteja, naomba uizime, subiri kidogo, halafu uiwashe tena."

Nilikuwa nimeshaizima na kuiwasha mpaka kidole kimechoka. Laptopu ilikuwa inaganda, skrini inageuka bluu, inajiwasha yenyewe. Kila nilipopiga simu ya huduma kwa wateja nilipata mtu mwingine, mwenye adabu zilezile na karatasi ileile ya maswali. Nilipiga Windows upya mara tatu ndani ya wiki mbili kwa maelekezo yao. Safari ya nne nikamwambia kijana wa watu: kaka, hii inaganda hata nikiwa ndani ya BIOS, ile menyu ya kabla ya Windows kuanza, Windows haijaguswa. Akanyamaza, nikasikia anabonyeza kitu, kisha: "Sawa, basi tuanze kwa kupiga Windows upya."

Nikaipeleka kwa fundi. Alifungua kifuniko cha chini, akachomoa kipande kimoja cha RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine, akabakiza kingine, mashine ikatulia. Hakumaliza hata chai yake. RAM ile ingekuwa imelehemiwa kwenye mazabodi, bodi kuu ya ndani, asingekuwa na cha kuchomoa na mimi ningekuwa bado nasikiliza muziki wa kusubiri.

Tangu hapo naanza na swali moja kabla ya kuuliza kasi wala uzuri: ikiharibika na mtengenezaji asinisaidie, nani ataniokoa? Orodha hii imepangwa kwa swali hilo. Mwenye kutafuta mashine ya gemu ana haki ya kuipindua.

1. Laptopu ya ofisi, ya mtumba

Nazungumzia zile zilizoundwa kuuzwa kwa makampuni: ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Makampuni huzinunua kwa wingi, huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziachia zote kwa mpigo. Ndiyo maana spea zake hazikauki sokoni. Kibodi, kioo, bawaba, feni, chaja, vyote hutolewa kwenye wenzake waliokufa. Tena watengenezaji hao watatu huweka miongozo ya ufundi mtandaoni bure, yenye picha na mpangilio wa nini kitoke kabla ya nini. Fundi ambaye hajawahi kuiona modeli yako anaweza kuifungua bila kuvunja klipu hata moja.

Tafuta za kuanzia 2018, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui prosesa karibu zote za Intel zilizotangulia kizazi hicho. Ukiona laptopu nzuri ya ofisi inauzwa kama inatupwa, mara nyingi sababu ni hiyo. Mtumiaji wa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, anaweza kuichukua akicheka.

ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5, zote za 2018, zina nafasi mbili za kuchomeka RAM. Lakini usinunue jina. X1 Carbon nayo ni ThinkPad, na RAM yake imelehemiwa.

Mtumba una mitego yake, na mingi hunaswa mezani kwa muuzaji. Iwashe, ingia BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iache hapohapo. Kwenye laptopu hizi nywila ya BIOS haifutiki kwa kutoa ile betri ndogo kama tulivyozoea kwenye desktopu za zamani. Kisha ipige Windows ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikikukaribisha kwa jina la kampuni usiyoijua na kukutaka uingize barua pepe ya kazini, bado iko kwenye daftari la mwenyewe wa kwanza, na siku yoyote inaweza kukufungia nje. ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 zina jambo lao la ziada: programu ya ndani inayoendesha mlango wa Thunderbolt, ambao ndio huohuo wa USB-C. Lenovo ilitoa sasisho lake kwa sababu bila hilo mlango wa USB-C unaweza kuacha kuchaji, na ukichelewa linaweza kuishia kwenye kubadilisha mazabodi. Chomeka chaja ya USB-C hapohapo uone kama inapokea, na ukifika nyumbani weka sasisho kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu betri, neno la muuzaji kwamba "inakaa sana" liache lilivyo. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakuandalia ripoti. Linganisha mistari miwili, Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili isipofika nusu ya ya kwanza, bei ya betri mpya itoke kwenye bei ya laptopu.

2. Desktopu ya kuunganisha mwenyewe

Kama kazi yako haitoki mezani, hii ingeweza kuwa ya kwanza. Mpangilio wa vipimo vya desktopu uitwao ATX umekuwepo tangu 1995 na mpaka leo pawasaplai ya kampuni moja inaingia kwenye kasha la kampuni nyingine. Kikifa kitu, kinabadilishwa kitu hicho tu. Kila kipande kina waranti yake, na baadhi ya SSD (hifadhi ya data) na pawasaplai nzuri huja na miaka mitano au zaidi.

Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kubeba lawama nzima. Aliyeuza RAM atasema ni mazabodi, wa mazabodi atasema ni pawasaplai, na wewe ndiye mpelelezi. Uwe na pawasaplai ya akiba au rafiki mwenye nayo, maana kubadilishana vipande ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote. Halafu jihadhari na desktopu za ofisi zilizokwisha kuunganishwa kiwandani. Nyingi zina pawasaplai za umbo lao na plagi zao, kwa hiyo ya kawaida haiingii.

3. Laptopu mpya ya ofisi, pamoja na waranti ya fundi kukufuata

Hapa unalipa ili usitafute fundi. Kama siku moja bila kompyuta inakunyima mkate, ipandishe hadi namba moja.

Ila soma aina ya waranti kwa jicho la wakili. Kuna ya kuipeleka mwenyewe kituoni, kuna ya kuituma na kuisubiri, na kuna ya fundi kuja ulipo na spea mkononi. Hii ya mwisho kwa kawaida hununuliwa kwa nyongeza, nayo haifiki kila eneo. "Siku inayofuata ya kazi" huanza kuhesabiwa baada ya wao kukubali kwamba tatizo ni la vifaa, si pale ulipopiga simu. Maswali ya kuzima na kuwasha hayamo kwenye hesabu. Tazama pia kama waranti inatambulika katika nchi unayoishi au ni ya kule ilikonunuliwa tu. Betri nayo mara nyingi hupewa mwaka mmoja hata mashine yenyewe ikiwa na mitatu.

4. Framework

Kampuni hii ya Marekani ilitoa laptopu yake ya kwanza mwaka 2021 kwa wazo moja, kwamba mwenye nayo aifungue. Bisibisi huja ndani ya boksi, vipande vina alama za kuskani zinazokupeleka kwenye maelezo yake, na hata mazabodi inabadilishwa kwa ya kizazi kipya. Kwa ufundi ingeongoza orodha. Nimeishusha kwa sababu inauzwa rasmi katika nchi chache, na spea zake hutoka kwake mwenyewe. Kama inauzwa unakoishi, orodha yako ianzie hapa.

5. MacBook

Ni imara, na zile za kuanzia prosesa ya M1 ya 2020 zinatunza chaji vizuri sana. Lakini RAM na hifadhi yake haviongezwi wala kuchomolewa. Mazabodi ikifa, data zako zimekufa nayo kama hukuhifadhi nakala. Apple ilianza kuuzia watu spea na miongozo mwaka 2022 kwa nchi chache, na kibodi zake za kipepeo za 2015 hadi 2019 zilisumbua kiasi cha kampuni kutangaza kuzitengeneza bure. Kama kituo chao rasmi kipo karibu nawe, sawa. Kama hakipo, usijitese.

Ya mwisho: nyembamba ya bei ndogo, mpya kabisa

Ndiyo inayonunuliwa zaidi, najua. Inang'aa, ina stika nne, na muuzaji anaifungua kwa kidole kimoja. Itazame bawaba: skrubu zake zimeshikwa na vishikizo vidogo vya shaba vilivyozamishwa kwenye plastiki, na baada ya miaka miwili ya kufungua na kufunga, plastiki inaachia, kifuniko kinapasuka pembeni, kioo kinafuata. RAM mara nyingi imelehemiwa. Modeli hubadilika kila msimu, kwa hiyo ukitafuta kibodi yake unaletewa inayofanana, isiyoingia. Ukilazimika, shika kona ya juu ya kioo, fungua na ufunge mara kumi, usikilize mlio. Kisha uliza mbele ya muuzaji RAM ina nafasi ngapi.

Yoyote utakayochukua

Siku chache za mwanzo, wakati duka bado linaweza kuipokea, zina thamani kuliko waranti yote. Weka MemTest86 kwenye flashi na uiache ipime RAM usiku kucha. Tumia kipimo cha mtengenezaji kilichomo ndani ya mashine: kwenye Dell bonyeza F12 inapowaka uchague Diagnostics, kwenye HP nyingi ni F2. Kikikuta kosa kitakupa namba. Ipige picha pamoja na lebo ya namba ya mashine iliyo chini, na picha ya risiti, kwa sababu wino wa risiti nyingi hufifia kabla ya waranti kuisha.

Namba hiyo ndiyo dawa ya karatasi ya maswali. Mara ya pili nilipolazimika kupiga simu, na mashine nyingine, sikusimulia chochote. Nilimsomea dada aliyepokea namba ya kosa, tarehe na namba ya mashine. Akaniambia nisubiri. Aliporudi, aliniuliza tu spea itumwe wapi.